Mabakuli Saba Yenye Alama Nyekundu

Jumatatu, 4 Mei

Daftari hili nimepewa bure. Semina ya makocha, Segerea, juzi Jumamosi. Afisa michezo anaitwa Bi Kokushubila, mama mrefu, sauti ya upole, anaongea kama anayembembeleza mtoto alale. Kasema kila kocha aandike humu, kila siku, mambo matatu anayoshukuru. Kasema kijana anayejua kushukuru hakimbii na jiwe moyoni, na kocha anayewashukuru vijana wake hawamkimbii. Nikanyoosha mkono. Nikauliza kama kuna siku maalumu ya vijana kuwashukuru makocha, au ni sie tu wa kushukuru mwaka mzima. Ukumbi mzima ukacheka. Sikuwa natania.

Haya, mambo matatu ya leo.

1. Sina.

Acha nijieleze kwanza. Mimi Sadallah, kocha wa riadha hapa Yombo, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Klabu yangu Kimbunga. Uwanja wetu wa shule ya msingi, goli moja, la pili liliibwa. Zamani nilikuwa na vijana kumi na tisa. Leo ninaye mmoja. Chausiku, miaka kumi na sita, mita mia nane. Wengine wote wamehamia kwa Twalib, ng'ambo ya reli. Twalib! Mie ndiye niliyemfundisha hata kushika saa ya kupimia! Shukrani ya punda ni mateke.

Chausiku kachaguliwa kambi ya vijana, Arusha. Anaondoka Jumapili. Jana kahojiwa redioni. Nilikaa na redio sikioni toka saa mbili asubuhi, betri mpya. Kamshukuru Mungu. Sawa. Kamshukuru mama yake, Bi Hija. Sawa. Kamshukuru mwalimu mkuu, ambaye hajui hata mita mia nane ni mizunguko mingapi. Kisha akasema, na wote walionisaidia.

Wote! Miaka saba ya mvua na matope, leo nimekuwa "wote"!

Nilizima redio. Nyumba ikawa kimya, nikaiwasha tena.

Lakini Jumamosi kuna hafla ya kumuaga, viwanja vya ofisi ya kata, na kipaza sauti kitakuwepo. Hapo nitatajwa. Kwa jina kamili. Nitahakikisha.

Jambo jingine. Asubuhi nimefungua mlango nikakuta bakuli la bluu la plastiki lenye mfuniko. Ndani viazi vitamu, vya moto. Hakuna mtu. Nikajua papo hapo: Bi Farida. Jirani yangu, tunachangia ukuta. Hatusemeshani tangu Februari, kuku wake walipofukua mchicha wangu nami nikamwita jogoo wake jambazi mbele za watu. Sasa anataka kunirubuni kwa viazi. Nikaligeuza bakuli. Chini lina alama nyekundu, kitone cha mviringo. Ushirikina mtupu! Viazi nimewamwagia kuku wake. Wakifa, nina ushahidi.

Chausiku kachelewa mazoezini dakika tano. Hajawahi. Nimemwongezea mizunguko miwili.

Jumanne, 5 Mei

Kuku wazima. Wamekuja wote tisa mlangoni kabla sijafungua. Leo bakuli la kijani, vitumbua sita, alama ileile. Nimewapa. Jogoo kala viwili peke yake. Jambazi.

Mpango wa kwanza: hotuba. Nimemwandikia Chausiku maneno ya kusoma Jumamosi ili asihangaike. Kurasa nne, mbele na nyuma. Inaanza: Bila Kocha Sadallah mimi nisingekuwa mtu. Ukurasa wa tatu nimeweka maelekezo, hapa ulie kidogo.

Kaisoma yote amesimama, jasho linamtoka. Kwa adabu kabisa akauliza kama anaweza kuongeza maneno machache ya kwake. Nikamwambia karatasi imejaa. Halafu akaniuliza kama asubuhi nimekula. Ala! Mwanafunzi anamhoji kocha habari za tumbo! Nikamkumbusha kwamba na leo kachelewa dakika tano zilezile. Mizunguko miwili. Kazunguka bila kununa. Ndicho kinachonikera kwa mtoto huyu, hanuni.

Najua swali lile kalitoa wapi. Alhamisi iliyopita nilipata kizunguzungu uwanjani, nikakaa chini bila kupanga. Ilikuwa jua. Jua la saa kumi na mbili na nusu asubuhi ni kali sana kwa mtu wa umri wangu. Chausiku alinishika mkono mpaka nikasimama. Nikamwapisha asimwambie mtu. Chai ya rangi nayo ni chakula. Mtu mmoja akoke jiko, ampikie nani?

Mke wangu Najat alipokuwepo jiko liliwaka. Kaondoka kwenda kwao Tanga huu mwaka wa kumi na moja. Alisema miaka tisa kanipikia na hajawahi kusikia neno. Neno gani? Nilikuwa namaliza sahani! Kuna shukrani kubwa kuliko kumaliza sahani?

Jambo la kushukuru: mwandiko wangu mzuri.

Jumatano, 6 Mei

Mihogo ya nazi. Bakuli jeupe. Kuku.

Harufu yake, lakini! Nilisimama nayo kidogo kabla ya kumwaga.

Mpango wa pili ni mkubwa. Nimekwenda mjini, duka la mzee Remtulla, wanakochonga ngao na vikombe vya mashindano. Nimehudumiwa na Juzer, mwanawe, kijana mstaarabu, miwani imemteremka puani. Nikaagiza ngao ya mbao yenye kibati cha dhahabu: KWA KOCHA WETU MPENDWA, ASANTE KWA YOTE. Juzer akauliza jina la kocha tuliweke wapi. Nikamwambia tusiweke. Hapo ndipo akili yangu ilipo! Nikiweka jina watu watanusa. Bila jina itaonekana imetoka moyoni mwa vijana.

Akauliza vijana wenyewe ni wangapi. Nikasema wengi mno. Akavua miwani akanipongeza. Kasema siku hizi ni nadra vijana kumkumbuka kocha. Kasema yeye mwalimu wake wa kriketi anampigia simu kila sikukuu, mzee anamuuliza bado unainama vibaya, wanacheka. Nikafuta macho. Dukani kwao kuna vumbi sana.

Akaniuliza, na kocha wako wewe je? Nikasema marehemu. Akanipa pole, akaifunga ngao na utepe mwekundu bila kudai kitu.

Mzee Nassibu si marehemu. Yupo Pugu, alikonikimbiza milimani nikiwa na miaka kumi na minne, yeye kwa baiskeli nyuma yangu anaimba. Nilisema vile ili mazungumzo yaishe. Nilipangaga kwenda kumwona. Ilikuwa mwaka 2009, mvua ikanyesha.

Alhamisi, 7 Mei

Maandazi. Bakuli la bluu, la pili la bluu. Kuku wa Bi Farida sasa wanatembea kama wake wa wakubwa. Nimesikia akimwambia mtu ng'ambo ya ukuta kuwa wanataga kupita kiasi na hajui ni baraka gani. Nimeng'ata mdomo.

Jioni nimevuka reli kumpeleleza Twalib. Nilitaka kujua anawapa nini vijana wangu. Soda? Viatu? Nikajibanza nyuma ya kibanda cha fundi baiskeli. Hakuna soda. Hakuna viatu, wengine peku kabisa! Wamemaliza mazoezi wakakaa duara chini, kila mmoja anamshukuru mtu mmoja. Mmoja kamshukuru mwenzake aliyemwazima soksi. Mmoja kamshukuru bibi yake aliyemwamsha. Twalib naye, mtu mzima, kamshukuru kitoto kimoja kinene kwa kufika wa mwisho bila kuacha njiani. Kitoto kikasimama kama kimetunukiwa medali. Upuuzi! Wa mwisho ni wa mwisho!

Lakini nilikaa mpaka wakamaliza. Wanacheka sana wale.

Suhaib akaniona. Kijana wangu wa zamani wa kuruka viunzi, sasa kanipita kimo. Kaja mbio, shikamoo kocha, kwa mikono miwili. Nikamuuliza, kiutani tu, kwa nini alinihama. Kajikuna kichwa. Kasema siku aliposhinda mashindano ya wilaya alikuja mbio kwangu, nikamwambia viatu vyake vichafu. Sikumbuki. Ila viatu vyake vilikuwaga vichafu kweli.

Nimerudi kwa miguu, njia ya reli. Nyumbani nimesema hodi kwa mazoea. Hakuna aliyeitika, bila shaka.

Ijumaa, 8 Mei

Leo nimemkamata! Nimeamka alfajiri, nimekaa nyuma ya mlango na fagio. Usingizi ukanipitia kidogo. Nikasikia bakuli linagusa saruji, nikafungua kwa nguvu. Nani yuko uani? Bi Farida! Anafagia kwake, eti. Nikamwambia wazi akome kunitilia madawa mlangoni, alama zake nyekundu nimeziona zote. Kaacha kufagia. Kasema, Sadallah, iko siku utayatafuta mabakuli hayo usiyaone. Umesikia? Ni kitisho hicho! Nimekiandika na saa: kumi na moja na dakika hamsini.

Chapati na maharage. Kuku walinishukuru kwa kunikanyaga mguu.

Mazoezi ya mwisho na Chausiku. Kachelewa dakika tano, mizunguko miwili, ya mwisho. Nikajaribu duara la Twalib. Tukakaa chini. Duara la watu wawili ni mstari tu, lakini tukakaa. Nikamwambia aanze yeye kunishukuru. Akafungua mdomo, macho yakamjaa. Nikaona anaanza vibaya, nikamkatiza, nikamwambia shukrani inaanza na jina kamili na cheo. Akacheka, akafuta macho, akasema kocha, anza wewe basi.

Nikatafuta. Wallahi nilitafuta. Miaka saba anakuja peke yake, hata siku zile wenzake wanahama mmojammoja. Nikasema, umekuja. Akangoja niendelee. Nikasema, umechelewa lakini umekuja.

Kasema asante kocha.

Mchana nimepita kwa Bi Hija, kona ya msikiti, anapouza vitumbua. Kanifungia vyangu kwenye gazeti. Kasema siku hizi ana uhaba wa vyombo, akanitazama akitabasamu, kama anangoja niseme kitu. Nikamwambia gazeti lina wino. Kisha nikaona chini ya jagi lake: alama nyekundu! Kitone kilekile! Kumbe Bi Farida kamtia alama na yeye, maskini! Sikumwambia, nisimtishe mama wa watu.

Ngao nimemkabidhi Petro, mshereheshaji wa kesho. Nimemwambia ni zawadi ya vijana kwa kocha wao, aitoe kabla Chausiku hajasema, na asiseme nani kaileta. Kaahidi. Kanyoosha kidole juu kabisa.

Kesho! Nimepiga pasi shati mara mbili.

Jumamosi, 9 Mei

Siandiki.

Naandika. Kama siandiki nitapasuka.

Viwanja vimejaa, maturubai mawili. Nilikaa mbele, nikahamishwa mstari wa pili kwa sababu ya wageni waalikwa. Nikajikaza kisabuni. Bi Kokushubila yupo, kanipungia mkono. Twalib yupo na jeshi lake lote la ng'ambo, sare za njano. Chausiku kavaa gauni, sikumtambua. Mkononi ana kurasa zangu nne!

Petro kaitoa ngao. Kaisoma kwa sauti yake ile ya harusini. Kwa kocha wetu mpendwa, asante kwa yote! Makofi. Mie nimeshanyanyua nusu ya makalio kwenye kiti, uso nimeutengeneza wa kushangaa, niliufanyia mazoezi kwenye kioo. Petro akaigeuza ngao huku na huku. Akatafuta jina. Hakuna jina! Basi akawageukia watoto, akawauliza kwa kipaza sauti kocha wetu mpendwa ni nani.

Twaliiib!

Wote. Kwa mara moja. Sare za njano zote. Na wangu wa zamani humohumo, kumi na wanane, nimewahesabu midomo.

Petro akamvuta Twalib jukwaani. Twalib anatikisa kichwa, anatazama huku na kule. Nikajishusha kwenye kiti. Mama mmoja pembeni akaniuliza kama naumwa. Nikapita nyuma ya jenereta, nikatoka. Chausiku alikuwa hajasema bado. Sikutaka kusikia nikiitwa "wote" mara ya pili.

Kofia yangu nimeisahau kwenye kiti.

Asubuhi kulikuwa na bakuli. Magimbi. Sikumbuki hata rangi.

Nimejisikia vibaya leo. Si hasira. Hasira naijua, huwa inanichangamsha. Hii ni nyingine, imekaa hapa kifuani na haitoki. Nimekaa na shati la pasi mpaka giza likaingia.

Jumapili, 10 Mei

Nilikuwa macho alipokuja. Saa kumi na moja, bado kiza. Nikasikia hatua zake. Miaka saba nasikiliza hatua zile, mguu wa kushoto unagusa kwanza kwa kidole. Kaweka kitu chini. Kasema hodi.

Nilikuwa kitandani. Nikajisemea, kaja kuomba radhi. Vizuri. Acha aombe. Sikuitika.

Hodi ya pili. Nikavuta shuka. Nikajisemea, mtu akishadhalilishwa mbele ya kata nzima haitiki hodi ya pili.

Hodi ya tatu. Taratibu, karibu na tundu la ufunguo. Nikajisemea, mwenye haja ya kweli ataongeza ya nne.

Hodi ni tatu. Mtoto kalelewa. Hodi tatu, usipoitikiwa, ondoka, usisumbue watu. Mtoto wa Bi Hija angeongezaje ya nne? Nikasikia hatua zinaondoka, polepole mwanzo, kisha mbio, basi la Arusha halimngoji mtu. Nilipofungua mlango kulikuwa na bakuli tu na kuku tisa.

Bado akili haikuniingia! Nikasema, kumbe na Bi Farida naye kapita. Nikamwaga. Wali wa nazi na samaki wa kukaanga.

Adhuhuri Bi Farida kapiga hodi. Kwapani ngao yangu, mkononi kofia yangu. Kakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, akasema yote bila kupumua.

Kasema Twalib alikataa ngao palepale. Alisema hii ni ya mtu aliyenifundisha kushika saa, na vijana wote hawa nimewapokea kwake wakiwa tayari wanajua kukimbia. Kasema watoto walipiga makofi, Suhaib akapiga mluzi. Kasema kisha Chausiku akazikunja kurasa zangu, akasema maneno haya si yangu, yangu ni mafupi. Akasema, tangu nina miaka tisa sijawahi hata siku moja kufika uwanjani nikaukuta mtupu. Kiangazi, masika, kocha yupo. Redioni nilishindwa kulitaja jina lake, nilihisi nitalia watu wasikie. Akasema, Kocha Sadallah, naomba usimame nikushukuru.

Na watu wote wakageuka, wakatazama kiti chenye kofia.

Bi Farida akaniuliza nilikuwa wapi. Nikasema nyuma ya jenereta.

Nikamuuliza, na wewe mabakuli yako? Kashika kiuno. Mabakuli gani? Kumbe toka Jumatatu anamwona mtoto yule kila alfajiri, anakuja mbio na bakuli kwapani, anaweka, anazunguka kwa nyuma kuwahi uwanjani. Ile alama ni rangi ya kucha. Bi Hija anatia vyombo vyake vyote visipotee shughulini. Kila mwanamke Yombo anajua, kasema, hata vya kwake vina alama ya bluu. Chausiku aliwaapisha yeye na mama yake wasiseme, kocha ana haya, akijua atakataa. Kwa ajili ya kizunguzungu changu.

Dakika tano. Ile mizunguko miwili, siku tano. Kumi.

Bi Farida akaondoka. Nimelia. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Nimelia sana, na kamasi.

Kisha nikamwita ukutani, nikamuuliza kama mtoto alitaja jina langu kamili au Sadallah tu. Kanijibu nikaoshe uso.

Jumatatu, 11 Mei

Siku mpya. Mtu mpya! Nimeosha mabakuli yote saba, nimeyapanga ndani kwa ndani. Nilijua la kufanya, mama yangu alinifunza: chombo cha mtu hakirudi kitupu. Hata chumvi, hata kipande cha sabuni, lakini kitupu hakirudi. Nikatazama nyumba yangu. Majani ya chai. Kiberiti. Mchicha hakuna, kuku.

Kisha nikakumbuka! Jana Bi Farida alileta na zile kurasa nne, Chausiku aliziacha mezani. Nimezikunja vizuri nikaziweka kwenye bakuli la juu. Nimeongeza ukurasa wa tano, maelekezo: hii aisome Arusha, waandishi wa habari wakija. Hii ni zawadi ya maisha mazima. Vitumbua vinaisha, hotuba inabaki.

Bi Hija kanipokea kwa heshima zote. Kafunua bakuli. Kasoma mstari wa kwanza, akafunika. Kanisogezea kikombe cha uji, nikanywa chote. Uji mzuri, haki ya Mungu. Nikamaliza kikombe, akakitazama kikombe, akanitazama mie. Nikamwambia hotuba ile inahitaji kusomwa polepole.

Akapiga simu Arusha, akanipa. Chausiku! Shikamoo kocha, umekula? Sauti yake karibu kabisa, upepo nyuma yake. Kasema kambini kuna kocha mzuri ila anafika baada yao. Kasema asubuhi waliamka wakaukuta uwanja mtupu, akanikumbuka.

Neno lilikuwa mdomoni. Nalijua neno lenyewe, herufi sita, si zito hata kidogo. Bi Hija alikuwa anatikisa kichwa kunihimiza, kama unavyomhimiza mtoto anayejifunza kutembea.

Nikasema, usikunje mabega kwenye kona.

Kisha kasema sawa kocha. Kasema, na wewe usiache kula. Salio likaisha.

Nadhani kaelewa. Lazima kaelewa.

Nilifikiri kupitia Pugu kwa Mzee Nassibu. Wingu lilikuwa limetanda.

Jumanne, 12 Mei

Nimefika uwanjani saa kumi na mbili. Hakuna mtu. Nimengoja dakika tano. Nimengoja tano nyingine. Nikazunguka mizunguko miwili mwenyewe, kwa kutembea, nikarudi.

Nimeweka kigoda mlangoni kumngoja Bi Hija. Mabakuli kayapata yote, visingizio vya uhaba wa vyombo vimekwisha. Na hotuba kaisoma sasa, anajua mie ni nani. Nimetayarisha na karatasi ndogo ya ushauri: chapati zipunguzwe mafuta, viazi viongezwe chumvi. Sikuvionja, lakini kuku hawakuvimaliza.

Saa moja. Saa mbili. Hakuna bakuli.

Kuku wa Bi Farida wamekuja wote tisa. Wamesimama mbele yangu, wanatazama mlango, mie natazama njia. Tumekaa hivyo mpaka jua limetupata. Kisha Bi Farida kawaita ng'ambo, kamwaga pumba, wameondoka mbio. Hata jogoo. Hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo!

Wiki nzima nimewalisha kwa mkono wangu huu. Viazi, vitumbua, wali wa nazi na samaki. Nimewanenepesha, wametaga. Halafu wanakupa mgongo.

Kesho naandika barua kwa Bi Kokushubila. Semina ya shukrani ije Yombo. Ianzie kwa kuku.

Mambo matatu ya kushukuru leo:

1. Ngao ipo ukutani. Nimeipigilia mwenyewe. Nimeongeza jina kwa kalamu.